Gari la Jumapili tu? Usisubiri kilomita ndo umwage oili

Kuna watu gari wanalo ila linatoka Jumapili tu kwenda kanisani na kurudi, siku zingine limefunikwa turubai chini ya mwembe, afu ukiwauliza oili umemwaga lini wanakwambia bado, kilomita hazijafika. Mimi nilikuwa hivohivo na Toyota IST yangu, stika inasema nimwage kila kilomita elfu tano na mwaka mzima nimetembea elfu moja na kitu, siku nafungua kifuniko cha kujazia oili nakuta utando mweupe mweupe kama mayonezi. Nikajua injini ishakufa.

Kumbe yalikuwa maji tu. Petroli ikiungua inatoa mvuke, kiasi kinapenya kwenye ringi za pistoni kinashuka kwenye oili pamoja na petroli ambayo haikuungua vizuri. Ukitembea mbali oili inapata moto, maji yanafuka yanaondoka. Ukienda kilomita mbili ukazima yanabaki humohumo, mwishowe yanaleta tindikali na kutu.

Kwahiyo we hesabu kalenda. Safari fupifupi, mwaga kila miezi 6, na mwaka usipite hata kama umetembea kilomita 800, na filta ubadilishe hapohapo.

Kila wiki au wiki mbili litoe barabarani nusu saa hivi, na usidanganywe na geji ya tempricha maana ile ni ya maji, oili inachelewa kupata moto. Hii tabia ya kuwasha asubuhi ukaliacha silensa, yani linanguruma tu bila kutembea, dakika tano afu unazima, acha kabisa, ndo unaongeza maji.

Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, pima gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa kama dakika kumi, futa, rudisha, chomoa tena. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, mwaga. Utando ukiwa kwenye kifuniko peke yake, safari ndefu inausafisha, ila ukiuona mpaka kwenye dipstiki na maji ya rejeta yanapungua, hiyo inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi imekufa na maji yanaingia kwenye oili, usiwashe tena, ita fundi.

Unasafiri miezi kadhaa? Mwaga oili kabla ya kuondoka, sio ukirudi, ile chafu isikae inakula vyuma, afu uzungushe gari kidogo oili mpya ienee ndo ulipaki.

Na fundi akikwambia tuweke 20W-50, ile oili nzito, kisa gari la zamani, muulize kitabu cha gari kinasemaje. Injini iliyolala wiki mbili inataka oili nyepesi inayofika juu haraka, yangu inatumia 5W-30, inaingia lita 3.7 na filta, yani galoni la lita 4 linabaki kidogo, usimimine lote eti lisipotee.

Siku ukiliwasha baada ya kulala sana usikanyage mafuta, subiri kwanza taa ya oili izime.