Ukitumwa kwa familia yenye ugonjwa wa kurithi: maelekezo ya Sista wa Bombo

Vijana wanaojiunga na kikundi chetu cha kutembelea familia hapa Bombo, Uganda, huja na daftari jipya na swali moja: "Sista, mgonjwa ni nani?" Nawaambia daftari likae mfukoni kwanza. Kwenye kazi hii anayeyumba ni mmoja, lakini inayougua ni nyumba nzima. Yule binti wa miaka 22 anayekuletea chai huku akichungulia mikono yake kama inatetemeka, naye ni wako. Pengine yeye ndiye anayekuhitaji zaidi. Niliuguza askari mpaka nikastaafu, na kule mtu mmoja alikuwa kitanda kimoja na faili moja. Huku faili moja lina babu, shangazi, wajukuu, na wakati mwingine mchumba wa mtu.

Kwanza uujue ugonjwa

Familia tunazozitembelea zina maradhi ya mishipa ya fahamu yanayotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, yale yanayomwondolea mtu mizani kidogo kidogo. Mimi hufundishia ugonjwa wa Machado-Joseph, kwa sababu kuna watu walioushughulikia kwa namna tunayoweza kuiga. Wako mbali: Groote Eylandt, kisiwa cha Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia, kwao Waanindilyakwa, ambao ni wenyeji wa asili wa huko. Ugonjwa umewaandama wao na ndugu zao wa bara, upande wa Arnhem Land. Mwaka 2008 lilianzishwa shirika la kuzisaidia familia hizo, MJD Foundation, na hadi leo linaajiri wenyeji wenyewe kuingia majumbani. Jina la ugonjwa limetokana na koo mbili zenye asili ya visiwa vya Azores vya Ureno, ambazo madaktari wa Marekani waliziandika miaka ya 1970.

Chanzo chake ni jeni moja, yaani kipande cha urithi ndani ya seli, inayoitwa ATXN3, iliyo kwenye kromosomu ya 14. Ndani yake kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Kwa watu wengi marudio hayafiki 45. Kwa wagonjwa huwa 60 hivi na kuendelea. Yakizidi hapo, protini inayotengenezwa inakuwa na kasoro, na seli za ubongo wa kisogoni zinakufa polepole. Mtu anaanza kuyumba, ulimi unakuwa mzito, anaona vitu viwili viwili, misuli inakaza usiku, anapaliwa akila. Akili kwa kawaida inabaki. Hilo lishike sana, maana utaona watu wakimzungumzia mgonjwa mbele yake kana kwamba ni kabati.

Marudio hayo yanaweza kurefuka yanapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na yakirefuka ugonjwa huanza mapema zaidi. Kwa hiyo ukisikia familia inasema "laana inazidi kukaza, babu alianza na miaka 50, baba 38, huyu 25", usicheke. Wameona sawasawa, kilichowapotea ni sababu tu.

Lawama utaikuta imeshakaa sebuleni

Sisi hapa tunaishi katikati ya Waganda, na Waganda wana jambo wanaloliita obuko: mtu akivunja miiko ya ukwe, hasa akigusana na mama mkwe, atatetemeka. Basi mzee akianza kutetemeka, mama wa watu anaanza kutazamwa. Kwa Wanubi wenzangu utasikia kijicho, au mke mwenza. Na mtu akionekana anayumba saa nne asubuhi, barabara nzima ina jibu moja: waragi, pombe kali ya hapa.

Usiingie na hotuba ya kupinga uchawi. Mimi huwasimulia habari za Groote Eylandt. Kule kuna machimbo makubwa ya manganizi tangu miaka ya 1960, na watu walipoanza kuyumba, kwa muda mrefu vumbi la manganizi ndilo lililoshukiwa, hata na wataalamu. Jeni ilipogunduliwa mwaka 1994, ikawezekana kupima, na mwaka 1996 ikaandikwa rasmi kwamba familia za Arnhem Land zina Machado-Joseph. Vumbi walikuwa wanaliona kila siku. Jeni nani aliwahi kuiona? Wazee wakisikia kwamba hata madaktari walilaumu kitu kingine kwanza, mabega yanashuka, na mama mkwe anapumua.

Kwa hili la waragi kuna dawa ndogo. Mwombe mganga wa kituo cha afya aandike barua fupi: fulani ana ugonjwa wa mizani, hajalewa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apige muhuri. Itolewe nakala, ikunjwe, iwekwe nyuma ya kava la simu. Polisi na makondakta wa matatu wanaheshimu muhuri kuliko maelezo.

Mti wa ukoo

Siku ya pili au ya tatu, ukishazoeleka, omba kuchora ukoo. Hapa uwe makini, kwa sababu kwetu mama mkubwa na mama mdogo wote ni mama, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako tu. Kwa wenyeji wa Australia ni vilevile, dada wa mama ni mama. Daktari anayejaza fomu haraka atakuandikia mama watatu na asielewe jeni imepita wapi. Uliza kwa adabu: "Huyu alizaliwa na nani tumboni?" Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, wino mweusi kwa aliyeugua.

Usiwalazimishe kutaja marehemu. Kule Arnhem Land jina la aliyefariki huwekwa kando kwa muda, na picha zake hufichwa. Kwetu jina linatajwa kwa "marehemu" mbele yake, lakini kuna nyumba ambazo mama hawezi kulitamka jina la mwanawe bila kuinuka kwenda jikoni. Mwache aende. Chora alama yake, jina liache wazi, endelea na mwingine.

Mchoro ukikamilika, toa sarafu ya shilingi 500 uwaeleze. Mzazi mwenye jeni hii akipata mtoto, ni sawa na kurusha sarafu: upande mmoja imepita, upande mwingine haikupita. Kisha rusha tena kwa mtoto wa pili, mbele ya macho yao. Watu hudhani wakiwa na watoto wanne basi wawili wameumia na wawili wamepona. Hapana, kila mtoto ana mrusho wake, na ya kaka yake hayamhusu. Na ambaye haikumpata, watoto wake wako huru. Hilo la mwisho lirudie, watu wengi huwa hawajawahi kuambiwa.

Kujua na kutojua

Kuna kipimo cha damu, lakini hakipo kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu, na hakipimwi kama malaria. Anayetaka kupimwa aelekezwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aketi na mshauri kabla na baada ya kupimwa. Mtoto mdogo asiye na dalili hapimwi, hata mama akililia. Aachwe akue aamue mwenyewe. Na kuna mtego ambao vijana hawauoni: babu akiwa mgonjwa, baba hajapimwa, mjukuu akapimwa na ikakutwa, umeshampima na baba bila idhini yake. Kwa hiyo kabla ya mjukuu kwenda, wakae wazungumze.

Wako wanaosema hawataki kujua. Waache. Wewe kazi yako ni kuhakikisha wanajua mlango uko wapi siku wakiutaka. Na usijifanye daktari wa macho: "Naona wewe mikono yako imetulia, uko salama." Maneno hayo yakija kuwa si kweli, hutakanyaga tena kwenye ua huo.

Siri nayo. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, isome. Lakini siri za Bombo hazivuji kwenye kompyuta, zinavuja kwenye bodaboda. Shuka kabla ya nyumba. Fulana ya kikundi iache nyumbani. Halafu msimu wa posa ukifika, jirani atakuita pembeni:

"Sista, wewe unaingia mle. Yule binti, ule ugonjwa anao?"

"Hajati, mimi naingia kwa watu wengi, hata kwako nimeingia."

Ataelewa. Akisisitiza, mwambie akamuulize binti mwenyewe. Na wewe ukitoka hapo mweleze binti kwamba ameulizwa, ajiandae.

Chakula, ambapo watu hufa bure

Hapa nitakaa kidogo. Ugonjwa wenyewe huchukua miaka mingi. Kinachowahi ni chakula au mate kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kwa hiyo ukitembelea, fika saa ya kula, ukae utazame.

Aketi wima, miguu imegusa chini, wala asilale kwenye mkeka akiegemea kiwiko. Kidevu kishuke kidogo anapomeza. Kijiko kidogo, ameze, ndipo cha pili. Radio izimwe na maswali yakome, maana anayejibu huku anameza atapaliwa. Akimaliza abaki ameketi nusu saa.

Maji matupu ndiyo mabaya kuliko yote, yanakimbia kabla koo halijajiandaa. Uji mzito kidogo unapita vizuri zaidi. Chai yenye mandazi yaliyolowa, ambayo kila mtu anadhani ni laini, ni mtego: kinywani kuna maji na vipande kwa pamoja. Posho kavu, yaani ugali, inakwama. Isongwe laini, ipate mchuzi mzito. Samaki atolewe miiba na mtu mwenye macho mazuri.

Kikombe kitengeneze mwenyewe. Chukua cha plastiki, kata ukingo wa upande mmoja kwa umbo la nusu mwezi, upana wa pua, kisha laini makali kwa kijiko kilichopashwa moto. Anakunywea upande usiokatwa, pua inaingia kwenye pengo, na kichwa hakilazimiki kurudi nyuma. Hospitali huviuza vya namna hiyo; hiki chako ni bei ya kikombe.

Sikiliza sauti baada ya kumeza. Ikitoka yenye majimaji, kuna kitu kimebaki kooni. Mwambie akohoe, ameze tena bila kitu. Akipata homa na kifua siku chache baada ya kupaliwa, hakuna kusubiri Jumatatu wala mitishamba. Hospitali, siku hiyohiyo.

Kutembea

Wataalamu wa Australia waliziuliza familia za Groote Eylandt ni nini kinachomsaidia mtu aendelee kutembea. Majibu hayakuishia kwenye mazoezi. Walitaja pia kuwa na jambo la maana la kufanya, kuwa na furaha, familia kusaidiana, na kwenda kwenye ardhi yao. Basi usimpe mzee mazoezi ya kuinua mguu mara ishirini ukutani. Ataacha ukipinda kona. Muulize anataka kufika wapi. Wa kwetu mmoja alitaka sala ya Ijumaa, na hatua zake zote tulizipima kutoka kitandani hadi msikitini, tukitafuta pa kupumzika njiani.

Choo cha shimo kiwekewe mashikio ya miti ya mikaratusi pande zote, urefu wa kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono chini. Kiti cha mbao kilichotobolewa kiwe juu ya tundu. Kandambili zitupwe, avae kiatu kinachofungwa. Mikeka inayokunjika kwenye kingo iondolewe njiani.

Na kabla ya kupanga nani atamwogesha, uliza nani anaruhusiwa. Kule Arnhem Land kaka na dada waliokua hukwepana kwa heshima. Kwa Waganda mkwe hamkaribii mkwe. Ratiba nzuri ya zamu iliyoandikwa ofisini inaweza kumwacha mama bila kuoga wiki nzima, na hakuna atakayekuambia sababu.

Mambo ya ofisi, kwa haraka

Jitambulishe kwa LC1 na kwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji. Kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020, wengi wa hawa wanahesabika. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo uulize kuhusu ruzuku maalumu, ambayo hupewa vikundi, hivyo wakusanye walezi na wagonjwa waombe pamoja. Usiahidi kiti cha magurudumu kabla hujakiona kwa macho.

Mgonjwa akifariki, nenda matanga, halafu rudi tena watu wakishatawanyika, maana yule binti wa chai bado yupo. Na ukipata kazi nyingine, kama wengi wenu mtakavyopata, usiage kwa ujumbe wa simu. Mpeleke mwenzako hadi nyumbani, mtambulishe kwa mama, mwonyeshe kikombe kinakaa wapi, na mchoro wa ukoo uuache ofisini kwenye kabati lenye kufuli.