Kusoma eksirei ya kifua cha mtoto mdogo

Kosa kubwa katika kusoma eksirei ya mtoto ni kukimbilia ugonjwa kabla ya kuikagua picha yenyewe. Anza na jina, tarehe, alama ya kulia au kushoto, na umri. Umri usiuruke: kivuli kilicho cha kawaida kwa mtoto wa miezi 6 ni tatizo kwa wa miaka 9.

Kisha angalia pumzi. Hesabu mbavu za nyuma upande wa kulia zinazoonekana juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ziwe angalau 8. Zikipungua, huenda mtoto alipigwa picha akitoa pumzi, mara nyingi katikati ya kilio. Hapo moyo huonekana mkubwa, mapafu huingia ukungu kwa chini, na bomba la hewa hupinda, kwa kawaida kuelekea kulia. Usiandike nimonia kwa picha ya namna hiyo.

Je, mtoto alilala sawa? Linganisha ncha za mbele za mbavu za kulia na za kushoto: umbali wake kutoka uti wa mgongo ukaribiane. Mwili ukigeuka, pafu moja huwa jeusi kuliko jingine bila ugonjwa wowote.

Sasa pima upana wa moyo na uugawe kwa upana wa ndani wa kifua. Kwa mtu mzima kikomo ni 0.5, lakini kwa mtoto mchanga hata 0.6 hukubalika. Sababu mojawapo ni kwamba hupigwa amelala chali, mionzi ikiingilia mbele, na moyo ulio mbali na kaseti, yaani bamba linalopokea picha, hukuzwa.

Sababu nyingine ni tezi ya thaimasi, inayowababaisha wanafunzi wengi. Iko juu ya moyo, nyuma ya mfupa wa kifua, na huonekana vizuri hadi miaka 2 au 3. Wakati mwingine hujitokeza upande wa kulia ikiwa na pembe kali kama tanga la dau. Ni laini, hivyo mbavu huibonyeza na ukingo wake ukawa na mawimbi. Mishipa ya pafu huonekana kupitia kivuli chake, na haisukumi bomba la hewa. Kivuli kinacholisukuma bomba hilo si cha kupuuza: fikiria uvimbe, au tezi za limfu zilizovimba kwa kifua kikuu. Picha ya ubavuni husaidia kuziona tezi hizo.

Kwenye mapafu, usisahau nyuma ya moyo. Chini ya miaka 8 hivi, nimonia huweza kuwa duara kamili kama uvimbe, kwa kuwa vijitundu vinavyounganisha vifuko vya hewa havijakomaa na maambukizi hayasambai kirahisi. Mtoto mwenye homa na kikohozi atibiwe kwanza, picha irudiwe baadaye.

Karanga iliyompalia mtoto haionekani kwenye eksirei. Tafuta hewa iliyonaswa: picha ikipigwa wakati wa kutoa pumzi, pafu lililoziba hubaki jeusi na moyo husukumwa upande wa pili. Asiyeweza kufuata maelekezo alazwe ubavu mmoja, kisha wa pili. Pafu la upande aliolalia lisiponywea, hewa imenaswa. Hata picha ikiwa safi, mtoto aliyepaliwa ghafla bado anahitaji kuchunguzwa njia ya hewa.

Duara jeupe kooni lenye kingo mbili, moja ndani ya nyingine, lichukulie kuwa betri ndogo ya kitufe, si sarafu. Ndani ya saa 2 huweza kuunguza umio vibaya. Piga simu kwa daktari wa upasuaji kwanza, ripoti utaandika baadaye.

Ikibidi kurudia picha, ondoa kwanza kilichoiharibu. Mzazi asiye mjamzito, akiwa na aproni ya risasi, ainue mikono ya mtoto kando ya kichwa. Nepi na nguo zisirundikane kifuani. Bana mwale uishie kifuani, ondoa gridi (wavu unaozuia mionzi iliyotawanyika) kwa mtoto mdogo, tumia muda mfupi kabisa wa mionzi, na ubonyeze pale anapovuta pumzi baada ya kulia.