Kupata latitudo na longitudo ya mahali ulipo kwa fimbo, kivuli na saa

Siku moja ya jua kali, fimbo na saa vinatosha kukupa latitudo na longitudo ya uwanja wa shule yenu, na ukiwa makini utakosea kwa nusu nyuzi hivi. Zoezi hili linaweka pamoja mada ambazo vitabu huzitenga: Dunia kujizungusha kwenye mhimili wake, Dunia kulizunguka Jua, majira, na mistari ya ramani. Mfano wetu ni Dar es Salaam, tarehe 21 Juni. Penye nchi yako, badilisha namba tu.

Vifaa

Fimbo ya mita moja na kidogo, ndoo ya mchanga wa kuisimamishia, kipande cha boksi gumu cha sentimita 10 kwa 10 chenye tundu la milimita 4 katikati, timazi ya fundi, au jiwe dogo lililofungwa kwenye kamba, futi ya kupimia, chaki, kikokotoo chenye tan, na simu inayojirekebisha saa kwa mtandao. Saa ya mkononi iliyokosea dakika 2 itakuharibia longitudo kwa nusu nyuzi nzima.

Hatua ya 1: Simamisha fimbo

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, uihakiki kwa pima maji. Gongomea boksi juu ya fimbo likiwa limelala, tundu likijitokeza kando ya fimbo, na tundu liwe sentimita 100 kamili kutoka sakafuni. Shusha timazi kupitia tundu, weka alama ya chaki pale inapogusa. Hicho ndicho kitovu, na vipimo vyote vinaanzia hapo. Usipime kutoka kwenye shina la fimbo. Kwa utaratibu huu fimbo ikiinama kidogo haidhuru, lakini kitovu kikikosewa kwa sentimita 1, latitudo inapotea kwa karibu kilomita 50.

Kwa nini tundu, wakati ncha ya fimbo inatoa kivuli pia? Kwa sababu Jua si nukta. Upana wake angani ni nusu nyuzi, hivyo kivuli cha ncha hufifia ukingoni na hujui kinaishia wapi. Tundu linatupa sakafuni doa la mwanga la sentimita 1 hadi 2, nawe unaweka alama katikati ya doa.

Hatua ya 2: Tafuta adhuhuri ya Jua

Adhuhuri ya Jua ni wakati Jua liko juu kuliko wakati mwingine wowote wa siku hiyo. Wengi hukaa wakisubiri kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Dar es Salaam mwezi Juni, doa likiwa dakika 10 kabla au baada ya adhuhuri, umbali wake hutofautiana na ule wa adhuhuri kwa milimita 2 au 3 tu. Hakuna jicho linaloweza kusoma dakika hapo. Tumia vivuli vinavyolingana.

Saa 4:40 asubuhi weka alama kwenye doa na upime umbali wake kutoka kitovuni. Kwa mfano wetu ni sentimita 83 hivi. Chora duara la nusu kipenyo hicho kuzunguka kitovu. Doa litaingia ndani ya duara, kisha alasiri litarudi kuligusa upande wa pili. Andika saa linapogusa. Tuseme saa 8:10. Wakati huo doa linakimbia karibu milimita 5 kwa dakika, kwa hiyo kipimo ni cha uhakika.

Katikati ya saa 4:40 na saa 8:10 ni saa 6:25 mchana. Hiyo ndiyo adhuhuri ya Jua mahali hapo. Chora maduara matatu, la saa 4:00, 4:20 na 4:40, maana wingu moja la alasiri hutosha kukunyima alama.

Mstari unaounganisha alama ya asubuhi na ya alasiri unakwenda magharibi–mashariki (ya asubuhi iko magharibi). Mstari unaoukata kwa pembe mraba kupitia kitovuni ni kaskazini–kusini halisi, na hauyumbishwi na nondo wala mabati kama sindano ya dira.

Hatua ya 3: Latitudo

Doa la saa 6:25 liko sentimita 58.2 kutoka kitovuni, upande wa kusini. Gawanya kwa 100, kisha tafuta pembe yenye tan 0.582: nyuzi 30.2. Hivyo ndivyo Jua lilivyo mbali na utosi wako.

Sasa unahitaji kujua Jua liko utosini mwa latitudo ipi siku hiyo. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, na unabaki umeelekea upande uleule mwaka mzima Dunia inapolizunguka Jua. Ndiyo maana latitudo hiyo hupanda na kushuka:

21 Machi na 23 Septemba: 0 (Ikweta)
20 Aprili na 23 Agosti: 11.5 Kaskazini
21 Mei na 23 Julai: 20 Kaskazini
21 Juni: 23.4 Kaskazini (Tropiki ya Kansa)
23 Oktoba na 19 Februari: 11.5 Kusini
22 Novemba na 21 Januari: 20 Kusini
22 Desemba: 23.4 Kusini (Tropiki ya Kaprikoni)

Kadiria tarehe za katikati, ila angalia: karibu na Machi na Septemba latitudo hiyo hubadilika nyuzi 0.4 kwa siku, wakati Juni na Desemba inakaribia kusimama. Anayeanza achague Juni au Desemba.

Kaskazini iwe chanya, kusini hasi. Doa likiangukia kusini, toa pembe yako kwenye latitudo ya Jua: 23.4 − 30.2 = −6.8. Doa likiangukia kaskazini, jumlisha. Tarehe 22 Desemba palepale utapata sentimita 29.8 upande wa kaskazini, yaani nyuzi 16.6, na −23.4 + 16.6 = −6.8. Majibu ya Juni na Desemba yasipofanana, kagua kitovu kabla ya kulaumu jedwali.

Hatua ya 4: Longitudo

Dunia hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24 kulielekea Jua: nyuzi 15 kwa saa, nyuzi 1 kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45 Mashariki, mstari unaopita nje ya Tanzania na Kenya, upande wa mashariki. Kwa hiyo huku kwetu saa sita mchana ya saa hufika kabla ya adhuhuri ya Jua, na Kigoma pengo hilo hufikia saa nzima.

Kwanza ondoa kosa la Jua lenyewe. Njia ya Dunia si duara kamili na mhimili umeinama, kwa hiyo Jua huchelewa dakika 14 kufikia 11 Februari, huwahi karibu 4 katikati ya Mei, huchelewa 6 na nusu mwishoni mwa Julai, na huwahi zaidi ya 16 mwanzoni mwa Novemba. Takriban 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba halina kosa. Tarehe 21 Juni limechelewa dakika 2: 6:25 inakuwa 6:23. Dakika 23 ukigawa kwa 4 ni nyuzi 5.75, na 45 − 5.75 = 39.25 Mashariki. Likiwa limewahi, unajumlisha dakika badala ya kutoa.

Majira kwenye sakafu ileile

Acha alama na upime kila mwezi. Dar es Salaam doa la adhuhuri huwa kusini sehemu kubwa ya mwaka, huvuka kwenda kaskazini karibu tarehe 10 Oktoba, na kurudi karibu 3 Machi. Siku hizo mbili Jua liko utosini. Ukanda wa mvua hulifuata Jua kwa kuchelewa wiki kadhaa, ndipo pwani ikapata vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Umbali wa Jua haumo katika hesabu hii: Dunia iko karibu zaidi nalo mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, London ikitetemeka kwa baridi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152.

Kuandika majibu

Latitudo hutangulia: 6.8 Kusini, 39.25 Mashariki. Kwa dakika za nyuzi (si za saa; nyuzi 1 ina dakika 60), zidisha sehemu ya desimali kwa 60: 6°48′, 39°15′. Ukiandika 6.48 badala ya 6°48′ umehama kilomita 35. Kwenye ramani ya simu kusini ni alama ya kutoa: −6.8, 39.25. Ukiisahau alama hiyo, utajikuta kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha mpangilio wa namba mbili hizo, ramani itakupeleka magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno.