Sikia mwenyewe mtambo wa cheche wa kurushia redio wa enzi za Marconi, kwa betri na tupa tu

Wakuu, hapa Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba haitaki mchezo, jioni mtu unakaa tu karibu na jiko, basi tumia muda huo kwa hili. Tafuta redio yenye AM, betri kubwa moja ya tochi, tupa ile ya kunolea jembe, msumari wa inchi 6 na waya wenye ganda kama mita 3 hivi. Betri ya bodaboda usiguse, na soketi ya ukutani ndo kabisa, utaungua.

Zungusha waya kwenye msumari raundi kama 50, menya ncha zote mbili. Ncha moja ibane kwenye kitako cha betri, kichwa cha betri kikandamize kwenye chuma cha tupa, halafu ile ncha nyingine ndo unaikwaruza kwenye meno. Waya ukipata moto pumzika. Bila msumari pia inatoa cheche ila ndogo, koili, yaani huo waya uliozungushwa, ndo inaipa nguvu pale umeme unapokatika.

Sasa weka redio hapo karibu kwenye AM, pasipo na stesheni, paza sauti, kwaruza. Krrr! Hayo ndo mawimbi ya redio, ambayo mwanafizikia Hertz aliyathibitisha miaka ya 1887 na 1888 kule Ujerumani, na Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa simu isiyo na waya, mwaka 1901 akasema kaisikia herufi S ikivuka Atlantiki kutoka Poldhu, Uingereza, mpaka Newfoundland. Kwa alama za Morse, zile za nukta na mistari, S ni nukta tatu tu, kwaruza fupi fupi mara tatu nawe umeituma, japo yako inaishia hapo hapo karibu.

Ila hapa ndo pa kusikiliza vizuri: endelea kukwaruza huku mwenzio anazungusha kitafuta stesheni, mwambie aanzie chini mpaka juu. Krrr iko kila mahali! Cheche haina masafa yake (frikwensi), inasambaa kote, kwa hiyo mitambo miwili ikiwa jirani inavurugana, na sauti ya mtu haibebeki vizuri humo. Ndo maana valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, zilipokuja, kwanza ile ya Mmarekani De Forest ya 1906, zilizofuata zikatoa wimbi moja lisilokatika na jembamba, stesheni nyingi zikapata nafasi, cheche ikaachwa.

Mwisho hamia FM kwenye stesheni inayoshika vizuri, kwaruza tena. Krrr karibu yote imepotea, maana mhandisi Mmarekani Armstrong aliposajili FM yake 1933 alikuwa anapigana na mikwaruzo ya namna hii hii. Jirani akianza kulalamika mpira wake wa AM unakoroma, ni wewe, acha.