Somo: Namna ya kuisoma tishu kwa kuanzia nje ya seli

Wanafunzi wengi huchora kiini na mitokondria bila kukosea, lakini ukiwauliza ni nini kilicho kati ya seli moja na nyingine, hujibu kwamba ni majimaji, kisha wakafungua ukurasa unaofuata. Jibu hilo linaacha sehemu kubwa ya mwili bila maelezo. Katika gegedu la goti la mtu mzima, yaani tishu ngumu inayoteleza iliyofunika ncha za mifupa, seli huchukua asilimia chache tu ya ujazo wote, na kilichobaki ni matriksi ya nje ya seli, yaani nyuzi, jeli na protini za kushikiza ambazo seli zimezitengeneza na kuzitoa nje. Katika kila hatua ya somo hili utajiuliza swali lile lile: tishu hii inapambana na nguvu gani?

Andaa bakuli la supu ya makongoro iliyolala, mfupa wa mguu wa kuku uliosafishwa, siki nyeupe, na chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko.

Hatua ya 1: Tazama supu iliyolala

Supu ya makongoro iliyochemka kwa saa nyingi huwa nyepesi ikiwa ya moto, lakini asubuhi utaikuta imeganda, na ukilitikisa bakuli inatetemeka. Kilichoigandisha si mafuta, kwa kuwa mafuta yameelea juu na unaweza kuyakwangua kwa kijiko. Kilichoigandisha ni jelatini, ambayo ni kolajeni, protini ya nyuzi za ngozi na kano, iliyofumuliwa na moto. Molekuli ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Joto huisokotoa, na supu inapopoa minyororo hujisokota tena hapa na pale bila mpangilio, ikinasa maji katikati yake.

Hatua ya 2: Fuata kolajeni tangu inapotengenezwa

Hapa pana mambo mengi, nami nashauri usipite haraka, kwa sababu takribani theluthi moja ya protini yote ya mwili ni kolajeni. Katika tishu unganishi nyingi, mtengenezaji wake mkuu ni seli iitwayo fibroblasti. Katika kila mnyororo, asidi amino (kipande kimoja cha kujengea protini) ya kila nafasi ya tatu ni glisini, kwa kuwa hiyo ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayoenea katikati ya msokoto. Kabla minyororo haijasokotwa, vimeng'enya huongeza vikundi vya haidroksili kwenye baadhi ya prolini na lisini, na vimeng'enya hivyo havifanyi kazi sawasawa bila vitamini C. Vikundi hivyo visipoongezwa, msokoto hulegea hata katika joto la kawaida la mwili.

Hicho ndicho chanzo cha kiseyeye. Fizi hutoka damu, meno hulegea, na, jambo ambalo hunishangaza kila ninapolifundisha, makovu ya zamani yaliyokwisha kupona yanaweza kufumuka. Maana yake ni kwamba kolajeni ya kovu haikai vile vile miaka yote, bali huvunjwa na kujengwa upya polepole, na ujenzi ukisimama uvunjaji huendelea. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, akawapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi, ingawa wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua habari za kolajeni.

Baada ya kutolewa nje ya seli, molekuli hukatwa ncha zake, hujipanga bega kwa bega, kisha kimeng'enya kinachohitaji madini ya shaba huanzisha viungo vinavyozifunga pamoja. Kwa hiyo uzi imara hukamilishwa nje ya seli, wala si ndani yake.

Hatua ya 3: Tenganisha mvuto na unyumbufu

Kolajeni haikubali kurefuka. Tishu inayotakiwa kutanuka na kurudi, kama aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni), mapafu na ngozi, huhitaji pia elastini, ambayo hurefuka kama mpira na kurejea ilipokuwa. Bana ngozi ya mgongo wa kiganja chako kisha uiachie, halafu fanya vivyo hivyo kwa babu au bibi akikuruhusu. Elastini nyingi hutengenezwa kabla ya kuzaliwa na utotoni, na ikiharibika ukubwani haijengwi tena kwa kiwango cha kutosha.

Hatua ya 4: Tafuta jeli inayobeba uzito

Nyuzi hustahimili kuvutwa, lakini ukizigandamiza hujikunja tu, kama kamba inavyojikunja ukiisukuma. Kazi ya kubeba mgandamizo ni ya proteoglikani, molekuli zenye umbo la brashi ya kusafishia chupa: katikati pana protini, na pembeni pana minyororo mirefu ya sukari yenye chaji hasi. Chaji hizo huvuta ioni za sodiamu, na sodiamu huvuta maji, hata jeli ikataka kuvimba wakati wote. Katika gegedu, wavu wa kolajeni huizuia isivimbe kupita kiasi, na ugumu wa gegedu unatokana na mvutano huo wa pande mbili. Unaposimama, maji kidogo hukamuliwa, unapoketi, hurudi.

Hatua ya 5: Ondoa madini kwenye mfupa

Tumbukiza mfupa wa kuku katika siki, funika, ubadilishe siki kila siku, uutoe baada ya siku 4 au 5. Utaweza kuupinda bila kuvunjika, kwa sababu asidi imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfati na kuiacha kolajeni. Kisha utafute mfupa ulioungua jikoni hadi ukawa mweupe: huo una madini bila kolajeni, nao husagika kwa vidole. Kanuni ya mfupa ulio hai imo katika mifupa hiyo miwili.

Hatua ya 6: Usisahau vishikizo

Seli hushika matriksi kwa protini za integrini, zinazopenya utando wa seli: upande wa nje hushika fibronektini, laminini au kolajeni, na upande wa ndani huungana na kiunzi cha seli, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo lake. Kwa njia hiyo seli hupata habari ya ugumu wa mahali ilipo, na habari hiyo hubadilisha namna inavyokua na kugawanyika.

Hatua ya 7: Pima uelewa wako kwa jicho

Simama mbele ya kioo. Sehemu nyeupe ya jicho na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, zote zimejengwa kwa kiasi kikubwa na kolajeni ya aina ya kwanza. Katika konea nyuzi ni nyembamba, zinalingana unene na zimepangwa kwa umbali ulio sawa, hivyo nuru hupita. Katika sehemu nyeupe nyuzi zina unene tofauti na zimepishana, hivyo nuru hutawanyika. Malighafi ni ile ile, mpangilio ndio uliotofautiana. Ukiweza kumweleza mwenzako jambo hili bila kutazama daftari, umeelewa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana maumivu ya magoti na ameambiwa anywe supu ya makongoro kila siku. Je, kolajeni hiyo inakwenda kwenye goti?*

Marahaba. Haiendi moja kwa moja. Tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino na vipande vifupi, ambavyo mwili huvitumia popote panapohitajika. Supu ni chakula kizuri, lakini jelatini haina triptofani, asidi amino ambayo mwili lazima uipate kwenye chakula, kwa hiyo isiwe chanzo pekee cha protini. Mama aende hospitali apimwe, kwa kuwa maumivu ya goti yana sababu nyingi.

*Mwalimu, kwa nini gegedu likichanika huchelewa kupona kuliko mfupa uliovunjika?*

Mfupa una mishipa ya damu, na damu huleta seli na chakula mahali palipoumia. Gegedu halina mishipa, na seli zake chache zimefungiwa ndani ya matriksi, kila moja katika kitundu chake, zikilishwa na vitu vinavyopenya polepole kupitia jeli.

*Kwetu, wengine wakitoboa masikio hutokewa na kovu linalokua kuliko kidonda chenyewe. Linahusiana na somo hili?*

Ndiyo, kabisa. Hilo ni keloidi. Fibroblasti huendelea kumwaga kolajeni baada ya kidonda kufunga, na kovu huvuka mipaka ya jeraha. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na huenda kifamilia. Kulikata bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha, pengine kubwa zaidi, kwa hiyo usikubali likatwe mtaani.

*Kitabu chetu kinasema damu ni tishu unganishi na plazma, yaani majimaji ya damu, ndiyo matriksi yake. Mbona haina nyuzi?*

Umeuliza vizuri, maana mfano huo huwachanganya wengi. Katika mtihani jibu kama kitabu. Lakini ujue kwamba plazma haitengenezwi na seli za damu zilizomo ndani yake. Protini zake nyingi hutoka kwenye ini. Nyuzi nazo huonekana damu inapoganda, pale fibrinojeni, protini iliyoyeyuka katika plazma, inapogeuka kuwa nyuzi za fibrini, na wavu huo huwa jukwaa la muda ambalo fibroblasti hupandia zinapoanza kuweka kolajeni ya kovu.