Mapera ya pipi: epo za kijiti, toleo la uani kwetu Tabora

Zile epo nyekundu za kijiti zilizovishwa pipi juu, watu wanaziona kwenye video wanatamani, wakifika sokoni wakakuta bei ya epo moja inanunua fungu zima la mapera wanaghairi palepale. Na mimi nasema wala usijisumbue nazo. Epo inataka baridi, ndo maana inakubali Makete na Njombe, na nyingine zinatoka Afrika Kusini, mpaka ije ifike Tabora imeshazunguka weee. Sisi hapa uani tuna mapera, tuna choya (rozela, ile nyekundu ya juisi), asali ndo usiseme, kwa hiyo cha kununua dukani ni sukari na mafuta kidogo basi.

Anayetajwa kuzianzisha ni William Kolb, mtengeneza pipi wa Newark huko New Jersey, Marekani, mwaka 1908, alikuwa anapika pipi nyekundu za mdalasini kwa ajili ya Krismasi akachovya na epo humo, akaziweka dirishani ziwe pambo tu, watu wakataka kununua pambo lenyewe. Wachina nao wana yao ya siku nyingi inaitwa tanghulu, vitunda vidogo vyekundu vinachomekwa kwenye kijiti vinavishwa sukari. Yani hakuna aliyesema lazima iwe epo. Kinachotakiwa ni tunda gumugumu, lina uchachu kidogo, ngozi yake nzima haivuji maji, na pera lina vyote hivyo ukiliwahi.

Kuliwahi ndo penyewe. Pera la kazi hii sio lile la njano linalonukia nyumba nzima, lile kula au piga juisi. Chuma lililokomaa ambalo kijani chake kimeanza kupauka, ukilibonyeza kwa dole gumba linakataa. Ligeuze ulikague pande zote, ukiona kitundu kidogo cheusi au sehemu imelainika peke yake ujue nzi wa matunda kashataga humo, weka pembeni. Ya kuokota chini usitumie, hata kama yanaonekana mazima yameshapondeka kwa ndani na yatatoa maji. Osha, futa kwa kitambaa kikavu, alaf yaache yakauke kwenye ungo saa nzima au zaidi, na usiyatoe kwenye friji ukayachovya, yatatoka jasho. Pipi na maji haviivani, sehemu yenye unyevu pipi inateleza au inafanya mapovu. Kama bado unang'ang'ania epo za dukani, zile zimepakwa nta, zichovye kwenye maji ya moto sekunde chache uzisugue na kitambaa mpaka zipoteze ule mng'ao, la sivyo pipi inabanduka yote kama ganda.

Embe watu wa Tabora mtaniuliza, maana huku miembe ipo mpaka barabarani. Haifai. Ukilivisha zima nani atakula maganda, ukilimenya linatoa maji, dakika kumi pipi yote imeshakuwa shira. Zambarau ndo zinakubali, chomeka tatu tatu kwenye kijiti, ila zina kokwa kwa hiyo sio za kumpa mtoto mdogo.

Vijiti: vya mishkaki vya dukani sawa, au kata matawi ya mpera huohuo unene wa penseli, menya gome, anika siku mbili. Usikate kijiti kwenye ua bila kujua ni mti gani. Mnyaa umejaa kwenye nyua za nyumba zetu na ule utomvu wake mweupe ni sumu, unaunguza ngozi na jicho, sasa ndo uchomeke kijiti chake kwenye kitu cha kula! Kijiti kiingie palipokuwa na kikonyo, kizamishe mpaka katikati, ukipitiliza pera linapasuka kitako.

Sasa rangi. Wengi wanakimbilia bitruti, bitruti kwenye moto wa pipi inageuka kahawia, inakuwa rangi ya udongo, haipendezi. Choya inavumilia zaidi ila nayo ukiichemsha toka mwanzo mpaka mwisho inafubaa, kwa hiyo inaingia mwishoni. Chukua choya kavu kikombe kimoja, maji vikombe viwili, chemsha dakika kumi, chuja kwa kitambaa, rudisha yale maji jikoni yaendelee kupungua mpaka ibaki kama robo kikombe, nzito, nyekundu ya damu ya mzee. Hapo utatumia vijiko viwili vya chakula tu, iliyobaki weka kwenye maji ya baridi unywe. Usiongeze ndimu juu yake, choya ni chachu tayari, na uchachu ukizidi unavunjavunja sukari mpaka pipi inakataa kukauka.

Kwa mapera kumi hivi ya saizi ya kati: sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, asali vijiko viwili vya chakula, hiyo choya vijiko viwili, chumvi chembe. Mdalasini ukiwa nao tupia kijiti kimoja kwenye choya wakati inachemka.

Asali hapa sio ya utamu, sukari imeshatosha. Sukari peke yake ikipikwa mpaka mwisho inapenda kurudi kuwa chenga, unaona imenyooka vizuri alaf ghafla sufuria nzima imekuwa mchanga. Asali sukari yake ni ya aina nyingine, inaingia katikati ya zile chembe inazizuia zisishikane, wenzetu wa viwandani wanatumia glukosi kwa kazi hiyohiyo. Lakini usiseme asali ya miombo tunayo ya kumwaga ngoja nijaze kikombe, hapana, asali inavuta unyevu wa hewani na inaungua haraka kuliko sukari, ukizidisha utapata kitu kinanata kwenye meno kina uchungu wa kuungua. Tafuta nyepesi ya rangi ya dhahabu isiyo na moshi, ile nyeusi nzito inafunika ladha ya pera.

Sufuria iwe nzito na nyembamba kwa upana ili shira iwe na kina cha kuzamisha pera. Weka sukari, maji, asali na chumvi, koroga taratibu moto mdogo mpaka usisikie tena chenga chini ya mwiko. Sukari yetu hii ya rangi ya kahawia inatoa povu la kijivu, liengue na kijiko. Ikianza kuchemka TOA MWIKO na usikoroge tena, hata mkono ukiwasha. Funika dakika mbili tatu, ule mvuke unashuka pembeni unaosha zile chembe zilizogandia ukutani mwa sufuria, maana chembe moja ikidondoka inaambukiza zote. Alaf funua, moto wa kati, subiri.

Hapa ndo wengi wanapotea kwasababu wanauliza dakika ngapi. Kwa mkaa hamna dakika, mkaa wako sio mkaa wangu. Inaweza ikawa robo saa, inaweza ikawa zaidi. Kipimo ni bakuli la maji baridi pembeni. Dondosha tone la shira humo. Mwanzo linayeyuka tu. Baadae linakaa chini, ukilishika linabonyea laini. Baadae linakuwa gumu ila ukilivuta linapinda. Hapo likipinda ndo unaipua sufuria, unatia choya, kijiko kimoja, subiri, kijiko cha pili, mkono mbali na uso mbali maana itafura na kurusha, zungusha sufuria kwa kuitikisa tu, rudisha jikoni. Endelea kupima kila baada ya muda mfupi. Ukidondosha ukasikia imelia kwenye maji, ukaitoa ukaivunja ikakatika TA! bila kupinda, ukaitafuna haing'ang'anii meno, imeiva, ipua hapohapo. Mkaa ukiwa mkali kuelekea mwisho punguza makaa au yafunike na majivu, kutoka kuiva mpaka kuungua ni kufumba na kufumbua.

Jirani yangu mmoja mama wa Ujiji, mpika kaimati wa siku nyingi, alikuwa anaangalia akasema mwanangu shira imeshafika uzi hiyo, yani inavutika kama uzi, ipua. Nikamwambia bi mkubwa hii inapita uzi inaenda mbele kabisa. Akasema haya, utaunguza sukari ya watu. Kweli shira ya kaimati inaishia mbali sana na hapa, hivyo kama umezoea kaimati au visheti mkono wako utataka kuipua mapema, ujizuie, ya mapema inabaki inanata na mapera yanashikana na karatasi.

Wenye kipima joto, vitabu vinaandika digrii 149 mpaka 154. Hizo ni za usawa wa bahari. Tabora tuko juu kama mita 1,200, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi sio 100, kwa hiyo toa digrii nne, ukifika 146 hivi uko sawa. Kigoma mjini ziwa liko kama mita 770 kwa hiyo wao watoe mbili au tatu. Ukifuata kitabu vilevile utaunguza alaf useme asali mbaya.

Kabla hujaipua uwe umeshapaka mafuta sinia, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, likafutwa na kupakwa mafuta ya alizeti, ule upande wa kung'aa juu. Watu wa Kigoma najua mtafikia mawese, mawese mazuri kwenye maharage, hapa yataacha harufu na rangi. Sufuria ikishaipuliwa subiri mapovu yatulie, iinamishe upande, shika kijiti, zamisha pera lizungushe mara moja tu mpaka karibu na kijiti, linyanyue, liache lichuruzike, lizungushe hewani mpaka tone la mwisho likate, weka kwenye jani. Ukilizungusha mara mbili tatu ndani pipi inakuwa nene na kuitafuna ni kuvunja meno. Fanya haraka bila papara, shira ikianza kuwa nzito irudishe kwenye makaa kidogo. Ukitaka karanga za kukaanga zilizotwangwa au ufuta, chovya kitako cha pera humo palepale kabla haijakauka, ukichelewa sekunde chache havishiki.

Watoto wakae mbali mpaka kila kitu kipoe, nasisitiza. Maji ya moto yakikumwagikia yanachuruzika, hii inaganda kwenye ngozi na ina joto karibu mara moja na nusu ya maji yanayochemka. Weka ndoo ya maji baridi karibu. Ikikupata ingiza mkono kwenye maji au mwagia maji ya kawaida yasiyo ya barafu dakika 20, usipake dawa ya mswaki wala yai wala asali, na ikiwa kubwa nenda hospitali.

Dakika kumi na tano zimeshakauka. Siku nzuri ya kupika ni kiangazi, kuanzia Juni huku kwetu hewa ni kavu na pipi inakaa ngumu mpaka jioni. Wa Kigoma mlio karibu na ziwa, na sisi wote mvua ikiwa inanyesha, pipi inaanza kutoa jasho mapema, kwa hiyo ifunge kwenye karatasi ya kuokea ikishapoa tu au mle palepale.

Na mle siku hiyohiyo hata kama inaonekana bado nzuri. Kijiti kikiingia kinafungua njia, maji ya tunda yanapanda yanakaa kati ya ngozi na sukari, na vijidudu vinapapenda hapo. Mwaka 2014 Marekani kulitokea mlipuko wa listeria, bakteria wa kwenye chakula, uliohusishwa na epo za karameli zilizofungashwa kiwandani, watu 35 waliugua na wengine walifariki. Kwa hiyo kama unapika za kuuza shuleni au kwenye shughuli, pika asubuhi, uza mchana, zilizobaki jioni gawa nyumbani, za jana usirudishe mezani. Na walio chini ya mwaka mmoja hawapewi kitu chenye asali, wadogo wengine wakatie vipande bila kijiti.

Shira ikibaki chini ya sufuria usiitupe, tia karanga zilizokaangwa na kumenywa, koroga zishikane, mwaga kwenye sinia lenye mafuta, una kashata nyekundu. Sufuria usiikwangue, jaza maji uichemshe itaachia yenyewe, na yale maji ni matamu machachu, wengine wanapikia uji.