Pima jicho la wavu mwenyewe kabla hujalipa

Anayetaka kuanza kuvua bwawa la Mtera huulizia kwanza bei ya nyavu. Ulizia jicho, yaani ukubwa wa tundu la wavu. Karatasi ya robota, furushi la nyavu la dukani, inaweza kuandikwa inchi 4, ukipima ukakuta 3 na ushee, na doria haisomi karatasi.

Hatua ya 1. Fika mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kabla ya dukani. Muulize afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) jicho gani linaruhusiwa kwa perege. Kiwango cha Ziwa Victoria usikibebe kichwakichwa. Ulizia na leseni: yako ni moja, ya mtumbwi ni nyingine.

Hatua ya 2. Timba usiiguse, ule wavu wa uzi mmoja unaong'aa. Ni marufuku, na ukipotelea majini hauozi, unaendelea kunasa bila mwenyewe. Chukua nailoni ya kusokotwa.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Lowanisha kipande. Shika fundo moja na la mkabala wake, vuta mpaka jicho lifumbe, kisha pima fundo hadi fundo. Wengi hupima upande mmoja wa jicho, na huo ni nusu tu. Halafu panga macho 10 kwenye mstari mmoja, vuta yote, pima, gawa kwa 10: inchi 40 ni jicho la inchi 4. Rudia katikati ya robota na mwishoni. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Taabu hii ina sababu. Perege jike huatamia mayai mdomoni, hivyo ukimnasa angali mdogo umeondoka na uzazi wake wote. Tena Mtera ni bwawa la umeme. Kiangazi maji yakishuka, samaki hubanana sehemu ndogo, na hapo ndipo jicho dogo huumiza zaidi. Ndipo na kokoro, wavu wa kuburuta, linapotamanisha, nalo ni kosa kisheria.

Hatua ya 4. Valisha kamba kwa nusu: wavu wenye mita 100 ukivutwa, kamba mita 50. Ukiukaza mno, perege hugonga akageuka. Maboya juu, vizito vya risasi chini.

Hatua ya 5. Tega jioni, tegua alfajiri, barafu iwe tayari. Jua la huku halingoji. Kwanza angalia ukingoni viboko wanapandia wapi kwenda kula majani usiku. Ukitega kwenye njia yao, wavu watauchana na mtumbwi wanaweza kuupindua.